Katibu, Mtaro na Kifungu cha Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha jana kimechukua dakika hamsini na tano. Naandika tena ili iaminike: hamsini na tano! Enzi za mwenyekiti aliyetangulia, yule aliyehamia kwa mwanawe, tulikuwa tunakaa saa nne nzima na kutoka bila uamuzi hata mmoja. Ule ndio uongozi. Mtu alirudi nyumbani mgongo unauma, anajua ametoka kikaoni.

Sasa tuna Mwalimu. Mkuu wa shule mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya mtaa kwa miezi sita. Anakuja na saa ya kengele ya jikoni, nyekundu, umbo la nyanya, anaiweka mezani. Kila mjumbe dakika tatu. Nilikuwa nimeandaa utangulizi wa muhtasari, kurasa kumi na moja, mwandiko wangu mwenyewe. Nyanya imelia nikiwa ukurasa wa pili. Mwalimu akasema ahsante Katibu, zilizobaki tutazisoma nyumbani. Hakuna atakayezisoma nyumbani. Hata mimi sitazisoma.

Tunakutania chumba cha nyuma cha chekechea. Viti vya watoto. Nikikaa, magoti yananifika masikioni. Kiti cha mtu mzima ni kimoja tu, chenye mikono, nacho anakikalia mwenyekiti. Mwaka wa nne huu mimi ni katibu, na miaka yote hiyo nimekitazama kiti kile kutoka chini. Mtu aliyefanya kazi ya karani wa masjala miaka thelathini! Mtu anayeweza kutoboa faili gizani!

Uamuzi wa jana ni huu. Ofisi ya mji itajenga upya na kufunika mtaro wa mtaa mmoja tu kabla ya mvua kubwa. Maombi mwisho Ijumaa tarehe 14, saa sita mchana. Tukichelewa, mpaka mwakani. Anayeumia zaidi ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi cherehani. Duka lake liko mwisho wa mteremko. Mvua iliyopita maji yalifika kwenye kanyagio la cherehani, na gauni la bibi harusi wa watu likatoka na rangi ya chai. Jana amesema mbele ya wote: maji yakiingia tena anafunga duka, anahamishia cherehani sebuleni kwa dada yake.

Dada yake ni mke wangu. Sebule ni yangu.

Mwalimu akagawa kazi. Muuguzi akusanye sahihi za kaya arobaini. Fundi mageti, tunayemwita Kimya, apime mtaro. Mimi niandae muhtasari. Kila mtu na tarehe yake ubaoni, kama watoto wa darasa la tatu. Kikao cha kupitisha maombi ni Alhamisi tarehe 13, saa kumi jioni. Kamati nzima ndiyo hiyo: Mwalimu, mimi, Muuguzi, Kimya, Shemeji. Watano.

Nilitaka kuzungumzia kiti. Nyanya ikalia.


Jumanne, 4 Machi

Nimesoma katiba ya kamati baada ya chai. Niliiandika mwenyewe, kwa hiyo inanoga.

Kifungu cha 9! "Mjumbe asiyehudhuria vikao vitatu mfululizo bila udhuru wa maandishi, nafasi yake itahesabika kuwa wazi." Nimekisoma mara tatu. Nikafunga mlango, nikakisoma ya nne.

Kifungu cha 6: katibu anaweza kuitisha kikao cha dharura, mradi taarifa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo siku mbili kabla. Kifungu cha 4: akidi ni wajumbe watatu, wakipungua hapo, hicho si kikao, ni mazungumzo.

Sasa, Mwalimu kila Jumanne na Alhamisi asubuhi humpeleka mumewe hospitali, mazoezi ya goti. Jumamosi huenda kumwona mama yake nje ya mji. Mtaa mzima unajua. Alhamisi, Jumamosi, Jumanne. Vitatu. Mfululizo. Tarehe 13 nitasimama, nitasoma kifungu, na kiti kitakuwa wazi. Na mwenyekiti asipokuwepo, anayekaimu ni nani? Kifungu cha 11: katibu.

Nilicheka peke yangu. Mke wangu akachungulia, akauliza nacheka nini. Nikamwambia kazi za mtaa. Akasema kama ni kazi za mtaa basi nianzie na takataka za jikoni.

Nimebandika taarifa ya kikao cha kwanza. Nimeibandika chini ya tangazo la Muuguzi la chanjo, ambalo ni kubwa kama shuka. Katiba inasema ibandikwe. Haisemi isomeke.


Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha kwanza cha dharura, saa nne asubuhi. Nilimpitia Kimya kwenye karakana yake, nikamwambia kwa mdomo. Akavua miwani ya kuchomelea, akanifuata. Kimya ni mjumbe bora kabisa: haulizi. Neno lake ni moja, "naunga mkono," na hulitoa hata kabla hoja haijafika.

Shemeji alikuja akihema, futi shingoni, pini mdomoni. Alikuwa anampima mteja. Amemwacha mama wa watu kasimama katikati ya duka, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado, hawezi kukaa wala kutoka. Akauliza dharura ni nini, mtaro? Nikasema tutafika huko. Ajenda ya kwanza ilikuwa rangi ya kibao cha mtaa.

Akatoa pini mdomoni ili aseme vizuri. Akasema: "Shemeji, nimemwacha mtu na pini makwapani kwa ajili ya rangi ya kibao?"

Kimya akaunga mkono. Sijui aliunga mkono upi.

Akauliza pia Mwalimu yuko wapi. Nikamjibu kwa utulivu kwamba Mwenyekiti amearifiwa kwa mujibu wa katiba. Nikazungusha daftari la mahudhurio haraka. Wakasaini. Nikalifunga, nikaandika muhtasari kurasa tano. Kikao kimechukua dakika tisa. Mwalimu ameniharibia hata urefu wa vikao vyangu mwenyewe.

Nimebandika taarifa ya Jumamosi. Pale pale chini ya chanjo.


Jumamosi, 8 Machi

Mambo karibu yaharibike. Muuguzi alikwenda kubadilisha tangazo lake la chanjo, akakuta langu chini yake. Saa nne kamili akaingia chumbani, bado na sare za zamu, macho mekundu. Akaniuliza kwa nini nimeficha tangazo. Nikasema ni upepo. Akasema upepo wa mtaa huu una pini nne?

Shemeji hakuja. Jumamosi ndiyo siku yake ya wateja. Kwa hiyo ujio wa Muuguzi ulikuwa baraka, maana bila yeye tungekuwa mimi na Kimya, na mimi na Kimya ni mazungumzo, tena ya mtu mmoja.

Ajenda: mbwa wa mwenye duka. Muuguzi akasema mbwa yule alishakufa mwaka jana. Nikasema basi tumefunga hoja. Hilo nalo ni uamuzi.

Kabla hajaondoka akaniambia amepata sahihi thelathini na sita, amegonga mlango mmoja mmoja baada ya zamu, na muhtasari wangu umefikia wapi? Nikasema uko kwenye hatua za mwisho. Ukweli, uko kwenye hatua za kwanza. Nimekuwa na shughuli nyingi.

Wakasaini daftari. Vikao viwili!


Jumapili, 9 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mke wangu aliniamsha kwa kunivuta shuka, akasema maji yako kwa mdogo wangu.

Tumebeba majora ya vitambaa vichwani tukayapandisha juu ya kabati. Shemeji alikuwa anachota maji kwa beseni bila kusema kitu, na mtu wa maneno akinyamaza inatisha. Cherehani tumeiinua juu ya matofali mimi na Kimya. Mtaro ule umeziba kabisa, unarudisha kila kitu unachopewa: majani, ndala, chupa, mwanasesere asiye na kichwa.

Shemeji amesema moja tu wakati tunaondoka. Amesema hii ni mvua ndogo, Shemeji. Kubwa bado.

Mke wangu njiani alikuwa anapima sebule yetu kwa macho. Nilimwona. Alisimama mlangoni, akatazama ninapoweka redio, akatazama dirisha, akasema hapa mwanga ungemtosha.

Nimerudi chekechea na nguo mbichi kubandika taarifa ya Jumanne. Kazi ni kazi.


Jumanne, 11 Machi

Saa nne kasoro dakika tano: mimi na Kimya. Muuguzi yuko zamu. Shemeji ametuma ujumbe kwamba anaanua vitambaa juani na haji kusikiliza habari za mbwa.

Nilikimbia nyumbani. Nikamwomba mke wangu akalinde duka la mdogo wake nusu saa tu. Akauliza ni habari ya mtaro? Nikasema kwa namna moja au nyingine. Akaniangalia muda mrefu. Ana namna ya kuniangalia kama mtu anayesoma tarehe ya mwisho kwenye kopo la maziwa. Lakini akaenda.

Shemeji akaja na gauni mkononi, akawa anashona upindo kikao kizima. Ajenda ilikuwa kupongeza kamati kwa kazi nzuri. Imepita. Kimya ameunga mkono mara mbili. Daftari likazunguka, wakasaini, nikafunga.

Vikao vitatu! Mfululizo! Mwenyekiti hakuonekana hata kimoja, na udhuru wa maandishi sijauona. Sijautafuta pia.

Mchana nimejaribu kukaa kwenye kile kiti chenye mikono, kwa dakika moja, mlango umefungwa. Kinakaa vizuri. Kina kamlio kadogo upande wa kushoto. Nitamwagiza Kimya akitie mafuta.


Jumatano, 12 Machi

Nimekutana na Mwalimu njiani, anamshika mumewe mkono, wanatembea taratibu. Nikamwamkia. Akaniuliza habari ya muhtasari wa maombi, nikasema uko tayari. Akasema vizuri sana, Katibu, maana ofisi ya mji hawataki ombi bila muhtasari wa kikao halali, sahihi ya mwenyekiti na ya katibu. Kikikosekana kimoja wanatupa. Kesho saa kumi kamili. Mumewe akanipongeza kwa kujitolea.

Nilimwonea huruma kwa hatua kama kumi. Kisha zikaisha.


Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa nimetulia. Naandika ukweli mtupu kama ulivyotokea, kwa faida ya vizazi.

Saa kumi kamili wote watano tulikuwa ndani. Mwalimu akaitega nyanya. Nikainua mkono, nikasema nina jambo la kikatiba. Akasema dakika tatu. Nilitumia moja tu. Nilisoma Kifungu cha 9 kwa sauti ya kiofisi, nikataja tarehe sita, nane na kumi na moja, nikasema kwa masikitiko makubwa kwamba nafasi ya mwenyekiti iko wazi, na kwamba kwa mujibu wa Kifungu cha 11 niko tayari kukaimu. Nikasimama. Nilitaka kusogea kwenye kiti ila alikuwa bado amekikalia.

Shemeji aliacha kushona. Muuguzi akasema, "Ahaa! Ndiyo maana ya upepo!"

Mwalimu hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliomba daftari la mahudhurio. Nikampa kwa mikono miwili, maana liko safi, mistari nilipiga kwa rula. Akafungua tarehe sita, akaweka kidole. Akafungua nane. Akafungua kumi na moja. Akaniuliza kwa upole, kama anayeuliza mtoto jibu la hesabu: "Katibu, sahihi yako ni ipi hapa?"

Nikamwambia mimi ndiye ninayezungusha daftari. Akasema naona, na likisharudi? Nikasema nalifunga. Akarudi nyuma. Mwezi uliopita. Mwaka uliopita. Mwaka juzi. Wote wamesaini, kila kikao. Mimi hakuna. Miaka yote hii sijaweka sahihi yangu hata mara moja! Tangu masjala nimezoea hivyo: karani hasaini, karani anasainisha.

Kwa mujibu wa kifungu nilichokiandika mimi, kwa mwandiko wangu, nilikoma kuwa mjumbe baada ya kikao cha tatu tu cha kamati hii.

Muuguzi alicheka mpaka akateleza kwenye kile kiti kidogo. Hakuna aliyemwinua, kila mtu alikuwa na yake.

Mwalimu akaendelea, maana walimu hawajui kuishia njiani. Vikao vyangu vitatu vya dharura vilikuwa na sahihi mbili mbili. Akidi ni tatu. Kwa hiyo havikuwa vikao. Kwa hiyo yeye hajakosa kikao chochote. Nikaomba kalamu nisaini sasa hivi, zote kwa pamoja, isingechukua nusu saa. Akasema daftari la mahudhurio halina mtihani wa marudio.

Ndipo Shemeji akaongea. Hakupaza sauti. "Yaani mara zote mbili ulizoniita, Shemeji, nikamwacha mteja na pini mwilini, nikaacha vitambaa juani, kumbe hata kikao hakikuwa kikao?" Kisha akauliza la pili, na hapo sauti ikakatika kidogo: na maombi ya kesho yatasainiwa na katibu gani?

Nilitazama sakafu. Kuna vigae kumi na nane.

Mwalimu akasema wajumbe ni wanne, akidi ipo, tuchague katibu. Muuguzi, akiwa bado chini, akapendekeza fundi mageti. Mwalimu akauliza nani anaunga mkono. Kimya akainua kichwa. "Naunga mkono," akasema. Amejiunga mkono mwenyewe! Miaka yote, na leo ndiyo imemfaa!

Akatoa mfukoni daftari lake la vipimo vya mageti, limepigwa na cheche pembeni. Ndani, ukurasa mmoja: urefu wa mtaro, kina chake, sehemu zilizobomoka, nyumba ambazo maji huingia, kwa mpangilio, kwa penseli, herufi za duara. Mtu huyu alikuwa anasikiliza muda wote! Wamejadili, wamerekebisha vipimo viwili, wakapitisha kuwa ndio muhtasari, Mwalimu akasaini na kugonga muhuri. Dakika ishirini na mbili. Sahihi za kaya zilikuwa arobaini kamili, ya arobaini ni ya mke wangu. Mimi sikuwa nimeombwa.

Nilibaki kwenye kiti changu kidogo kama mwananchi mwalikwa. Nyanya ililia mara moja, nami nilikuwa sisemi kitu.

Kesho asubuhi Kimya atapeleka maombi. Kesho asubuhi na mimi nitakuwa na safari.


Ijumaa, 14 Machi

Niliamka mapema kuandika barua ya pingamizi kwenda ofisi ya mji. Kurasa nne, na viambatisho. Hoja yangu ni kwamba katibu aliyechaguliwa jana amechaguliwa kinyume, kwa kuwa katibu halali, mimi, hakupewa nafasi ya kujitetea kwa maandishi. Ofisi ikipokea pingamizi kabla ya saa sita, maombi yanasimama mpaka yachunguzwe. Uchunguzi wa ofisi ya mji naujua. Nilikuwa naufanya.

Nilifika saa tano na robo. Foleni ya dirisha namba mbili. Na nani yuko mbele yangu watu wawili? Kimya, ameoga, shati limepigwa pasi, faili kifuani kama mtoto mchanga. Akaniona, akanipa ishara ya kichwa. Nikajifanya nasoma ukutani.

Zamu yake ikafika saa tano na dakika thelathini na tano. Karani wa dirisha, bwana mmoja mwenye kalamu sikioni, akafungua faili. Akaugeuza muhtasari upande huu na huu. Akauliza ukurasa mmoja tu, hamkujadiliana? Kimya akamtazama. Karani akafungua kabrasha lake, akasema kumbukumbu za ofisi zinaonyesha katibu wa mtaa huu ni mtu mwingine, akanitaja mimi, jina kamili. Wewe ni nani? Na huyo mwingine yuko wapi? Kimya akafungua mdomo. Akafunga. Akafungua tena.

"Naunga mkono," akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayezama.

Karani akalitoboa faili, akalifunga. Akasema maneno haya: "Hili halijakamilika. Anayefuata!"

Mimi maneno hayo nimeyasema miaka thelathini. Najua yanavyotakiwa kusemwa. Unayasema baada ya kusoma, si kabla! Na nikaona alivyolitoboa lile faili: matundu yamepinda, moja limekata kipimo cha mtaro katikati. Damu ikanipanda. Nilimkumbuka na shemeji yangu na beseni lake, pia. Kidogo. Zaidi yalikuwa yale matundu.

Nikampita mtu aliyekuwa kati yetu. Nikamwambia karani kwamba urefu wa muhtasari si sharti la maombi, asome mwongozo wake, sehemu ya viambatisho. Akausoma. Nikamweleza kwamba katibu aliyemo kwenye kumbukumbu alishapoteza nafasi yake kwa Kifungu cha 9 cha katiba ya kamati. Nikakinukuu bila kutazama popote. Nikamweleza akidi, sahihi, mahudhurio, uchaguzi wa jana, nani alipendekeza na nani aliunga mkono. Nilizungumza robo saa nzima! Hakuna nyanya! Watu wa foleni walianza kuguna, mama mmoja akasema huyu mzee tumpe kipaza sauti, mwingine akasema usimpe. Karani kalamu ilimwanguka sikioni.

Mwisho akasema sawa, nimeelewa, lakini nahitaji uthibitisho wa huyo katibu wa zamani kwamba kweli si katibu tena. Anapatikana?

Nikasema anapatikana.

Akasema yuko wapi?

Nikasema ni mimi.

Karani akanisogezea karatasi, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake taarifa ya msiba. Nikaandika: "Mimi niliyekuwa katibu nathibitisha kwamba..." Nilifika ukurasa wa pili akaniomba nisaini tu. Nikasaini. Sahihi yangu ni nzuri. Inasikitisha kwamba haionekani mara kwa mara. Akagonga muhuri wa kupokea, Kimya akapewa risiti, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akatikisa, akatikisa. Mikono yake ni migumu kama bawaba.

Nilipobaki peke yangu dirishani nikakumbuka nilichokuja kufanya. Nikatoa pingamizi langu mfukoni. Karani akatazama saa ya ukutani. Saa sita na dakika moja. Akashusha pazia la dirisha. Nilimgongea. Akasema kwa ndani, kwa kiburi kile kile ambacho mimi nilikuwa nacho nikiwa kazini: "Tumefunga, mzee. Ungekuja mapema."


Alhamisi, 10 Aprili

Nilisusa kuandika. Shajara nayo ifahamu kwamba mtu anaweza kukosekana.

Mtaa wetu umepata. Mafundi walifika wiki mbili zilizopita, wamechimba, wamejenga, wameweka vifuniko vya zege tangu juu mpaka chini. Jana ikanyesha ile kubwa yenyewe. Mke wangu akachukua beseni mbili, mimi nikachukua ndoo, tukashuka kwa shemeji tukiwa tumelowa. Tukamkuta ameketi anashona. Sakafu kavu, unaweza kuandika juu yake kwa chaki. Maji yalikuwa yanapita nje chini ya vifuniko, unayasikia tu, kama watu wanaosengenya chumba cha pili.

Tulisimama mlangoni na vyombo vyetu kama wageni waliokosea siku ya harusi. Shemeji akacheka mpaka akafuta macho. Akanivutia kiti, cha mtu mzima, akaniambia, "Kaa, Shemeji, Kimya amenisimulia habari za dirishani." Sikujua Kimya anasimulia. Akaona upindo wa suruali yangu umefumuka, akanishonea pale pale, mguu juu ya kigoda. Nilimwambia nilikuwa natetea utawala bora. Akasema ndiyo, najua, tulia usichomwe.

Hayo yote ni mazuri. Lakini niandike lililonileta kwenye karatasi leo.

Mtaro mpya unahitaji uangalizi, na uangalizi hauwezi kuachiwa kamati ya watu wanne wenye haraka. Nimepitia katiba: Kifungu cha 14 kinaruhusu mkazi yeyote kuunda kamati ndogo. Juzi nimeiunda. Kamati Ndogo ya Uangalizi wa Mtaro. Mwenyekiti: mimi. Katibu: mimi. Wajumbe wengine watateuliwa wakistahili. Akidi: mmoja. Mke wangu nilimpa ujumbe wa heshima, akasema heshima hiyo abaki nayo mwenyewe aliyeitoa. Kikao cha kwanza nimekitangaza Jumanne ijayo, saa nne asubuhi, ajenda kumi na saba, ya kwanza ikiwa jinsi ya kumsimamia Mwalimu.

Leo Mwalimu amebandika ratiba ya kusafisha mtaro. Kila mkazi na siku yake, jina, saa, na kifaa. Nimetafuta langu. Jumanne ijayo. Saa nne asubuhi. Reki.

Saa nne asubuhi! Siku saba za wiki, saa zote zilizopo, na akachagua ile ambayo anajua kabisa nina kikao! Nimekwenda kulalamika. Akasema tangazo langu hakuliona. Niliona aibu kumweleza nimelibandika wapi.

Nimelazimika kuahirisha kikao kwa kukosa akidi. Muhtasari wa kuahirisha nimeuandika, kurasa sita. Sijawahi kuona mtu wa kumpangia mwenzake saa ili tu asihudhurie. Kuna watu hila ndiyo kazi yao.